Bakati la Babu

Tarehe 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shangazi, na kwamba kile kifua kimekuacha ulale. Huku tupo. Goti la Mama bado linamsumbua, akitaka kuinuka kitini anahesabu mpaka tatu kama anayenyanyua gunia, lakini mdomo haujaumwa hata siku moja. Anakusalimu na anasema umekuwa bubu tangu mwaka jana. Mimi nina sare za shule mia na ishirini za kushona, kola zote nyeupe, macho yamechoka kabla ya mikono.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mjomba, mdogo wangu Rula amekamatwa huko kwenu. Leo ni siku ya kumi na tisa. Habari tumeletewa na dereva wa idara ya maji, alikuja na kofia mkononi, na Mama alipoiona ile kofia akadhani ni msiba.

Kazi ya Rula unaijua. Kila mwezi anazungukia nguzo za kupimia kina cha mto, anasoma mbao zake za vipimo, anaandika tarakimu kwenye daftari, anarudi. Nguzo ya saba iko ng'ambo, upande wenu. Miaka sita amekuwa akivuka kwa mtumbwi wa idara, na askari wenu wa mpakani wanamuuliza habari za maji kama jirani. Mwezi uliopita serikali zetu zikaanza kuvutana juu ya mto huohuo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia fundi wa kusoma mbao asivuke. Akavuka. Daftari lilikuwa limejaa namba, na sasa wanasema namba hizo ni siri za vita.

Mpaka umefungwa, simu haziingii, na posta inazungukia nchi ya tatu kabla ya kufika kwenu. Wewe ndiye mtu wetu pekee huko. Kibanda chako kiko hatua chache kutoka mahakamani, umewapigia chapa hati mawakili na makarani wa mji mzima, hakosi mmoja wa kukunong'oneza. Tafuta tu yuko wapi.

Vyeti vyake vyote nimevitoa kwenye bakati la Babu, ukihitaji nakala nitatuma. Unaona nimeandika bakati, sikuandika kabati, usije ukaninunia. Mpaka leo nashangaa: seremala ametengeneza makabati ya nusu ya mtaa, kafa bila kuweza kulitamka jina la kitu alichokitengeneza, na nyinyi wanawe wawili mkalirithi kosa lake pamoja na pua yake.

Tujibu haraka, Mjomba. Mama ameanza kuweka sahani yake mezani.

Mpwa wako,
Fundi Kola

*

Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na wewe na dada yangu pokeeni salamu zetu. Shangazi yako hajambo. Kifua kimetulia, sasa ni kifundo cha mkono wa kulia kinachouma, kwa hiyo usishangae mwandiko. Kibanda nimekifunga kwa wiki mbili. Watu wanalalamika, lakini watu hulalamika.

Barua yako ilifika. Nimeuliza kama ulivyotaka. Yuko hai. Amekonda, lakini anaongea na anawakumbuka nyote. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Ni nani aliyeniambia si jambo la kuandika, na barua zetu unajua zinapitia mikono mingi.

Mkimwona au kumsikia mahali popote, msishtuke. Mambo haya yana taratibu zake. Kuna yanayosemwa ili yapite, na yakishapita siku saba hivi mtu anarudi kwao. Mwambie dada asisikilize redio sana, wala majirani.

Vyeti usitume. Viache palepale kwenye bakati, droo ya chini, ile inayokwama.

Sina zaidi. Mkono unauma.

Mjomba wako

*

Tarehe 23 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sare zimekwisha na zimechukuliwa. Mama ni mzima wa mwili. Salamu zako nimempa, hakuzipokea, na sababu nitakueleza.

Tumemwona. Ilikuwa saa mbili asubuhi, kwenye duka la fundi redio, kwa sababu yeye ndiye aliyekimbia kutuita. Televisheni sita ziko rafuni, tatu zinafanya kazi, na Rula alikuwa kwenye zote tatu. Amevaa shati la bluu lisilo lake, limefungwa vifungo mpaka kooni. Unajua hajawahi kufunga kifungo cha juu, shingo yake inawasha. Nilimshonea mashati kumi na nane, kooni natia kifungo cha pambo tu. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha chini ya meza.

Alisoma kwenye karatasi. Alisema, "Mimi, kwa hiari yangu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nakiri kwamba nilitumwa kupima mto kwa ajili ya madaraja ya jeshi." Akataja siku, akataja watu ambao sisi hatujawahi kuwasikia. Mimi nilikuwa natikisa kichwa muda wote. Fundi redio naye anasema, huyu kapewa karatasi, mtu hazungumzi hivi. Duka zima lilikuwa upande wetu, Mjomba, watu wanaguna, mwalimu mmoja mstaafu anasema maneno yote hayo ni ya ofisi.

Halafu akafika mahali akasita. Aliinua macho, akaangalia pembeni ya kamera, kisha akasoma: "Ramani nilizificha ndani ya bakati la chumba nilichopanga."

Bakati.

Mama aliketi kwenye kreti ya soda. Aliniambia polepole, "Hayo ni maneno yake. Wangekuwa wameyaandika wao wangeandika kabati." Nikamwambia Mama, subiri kwanza. Akasema kwamba mtu wa kule hawezi kulijua neno hilo, halimo vitabuni, limo nyumbani kwa baba yake tu, na mtoto akibanwa hukimbilia maneno ya nyumbani. Kwa hiyo ni yeye aliyesema, na kama ni yeye aliyesema, basi amefanya. Akainuka bila kuhesabu.

Tangu siku hiyo hataki kusikia lolote. Picha ya Rula ameitoa ukutani akaiingiza kwenye hilohilo bakati. Sahani haiweki tena. Juzi mteja wangu mmoja alimuuliza ana watoto wangapi, nikamsikia mwenyewe akijibu, mmoja.

Mimi sijui, Mjomba. Neno hilo lilinipiga hata mimi. Lakini daftari lake nalijua, mengine ya zamani yako hapa, ni kina cha maji na tarehe, kina cha maji na tarehe, na pembeni amechora bata. Nimeyapeleka kwa wakili mmoja, mama mtu mzima asiyecheka. Anasema nchi hizi mbili zimeunda tume ya pamoja ya kupitia kesi za mahabusu, na mwisho wa kupokea hati ni tarehe 30 Septemba. Kukana peke yetu hakutoshi, kila mama hukana. Anataka mtu aliyekuwamo chumbani maneno yale yalipoandikwa.

Uliniandikia amekonda lakini anaongea. Je, ulimwona?

Fundi Kola

*

Tarehe 19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu kwa yote. Shangazi yako anaugua mafua, mimi nimefungua kibanda ingawa wateja wamepungua. Mashine ya kuchapa ina herufi moja inayoruka, nimeipeleka kwa fundi.

Habari za dada nimezisoma mara nyingi. Mwambie asijitese. Mwambie mwanawe ni mwanawe tu, hata akiwa amesema nini.

Kuhusu mambo ya tume na mawakili, sikiliza ushauri wa mtu mzima. Liacheni. Aliyekiri amekiri, na mkilichokonoa mtawaudhi walio naye. Kelele ndizo zinazochelewesha. Tuliahidiwa siku saba, zimekuwa wiki saba, lakini nadhani ni kwa sababu ya kelele za magazeti ya kwenu. Mkikaa kimya huenda wakamwachia.

Umeniuliza swali mwishoni. Naona macho yangu hayasomi vizuri siku hizi.

Mjomba wako

*

Tarehe 9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakohoa kidogo. Mvua imeingia kwenye chumba changu cha kushonea, nimehamishia cherehani sebuleni, sasa nakaa nikitazamana na bakati la Babu kutwa nzima. Labda ndiyo maana nimeanza kulifikiria.

Nakuandikia kwa uangalifu kwa sababu ya mikono mingi uliyoitaja. Kwa hiyo nitakuandikia habari za zamani tu, asiyetujua atapiga miayo.

Unakumbuka Rula alipokuwa darasa la nne? Mwalimu aliwaambia wataje vitu vya nyumbani, yeye akasimama akasema bakati, na darasa zima likaangua kicheko. Alirudi amevimba uso. Akamwambia Mama kuanzia leo ni kabati, ka-ba-ti, na kila Mama aliposema bakati alimsahihisha, mpaka akarushiwa ndala. Wewe ulikuwa umekuja likizo, ulicheka mpaka ukalia. Tangu siku ile, Mjomba, ndugu yangu hajalitamka neno hilo tena. Si kwa mzaha, si akiwa mgonjwa wa homa, si alipolia kwenye msiba wa Babu. Mama amelisahau hilo kwa sababu anamkumbuka mtoto mdogo. Mimi nimekua naye.

Kwa hiyo yule mwenye shati la bluu kwenye televisheni alisoma neno ambalo si lake. Mtu mwingine ndiye aliyeliandika. Nimehesabu watu waliobaki duniani wanaoandika bakati. Ni wawili. Mmoja ana goti bovu na hajavuka mto.

Halafu nikasoma tena barua yako. Umeandika tuliahidiwa. Sisi huku hatukuahidiwa kitu na mtu.

Sitaki kusema zaidi ya hapo, na sitaki uniandikie kuhusu mafua ya shangazi. Nakuuliza swali lako la kazini. Nilipokuwa msichana ulinikalisha kibandani kwako likizo nzima, na sikuona hata mara moja umempa mteja karatasi yake kabla ya kumsomea kwa sauti, neno kwa neno, hata akiwa na haraka. Ukimaliza unamuuliza, haya ni maneno yako? Asipojibu ni yangu, unaichana na kuanza upya.

Mjomba, haya ni maneno yako?

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Wiki saba na sijapata jibu. Nimeuliza posta, wanasema mifuko inafika.

Mama amepungua. Nguo zake nimezipunguza mara mbili, mara ya pili alifikiri sioni anavyolia. Halii kwa sababu Rula yuko kifungoni. Analia kwa sababu anaamini alimzaa mtu wa kuuza watu, na hilo hawezi kumwambia yeyote, kwa hiyo anaukata mkate vipande vidogo na kuwapa kuku.

Mimi ningeweza kumwambia ninachokijua. Lakini nikimrudishia mwanawe namnyang'anya mdogo wake. Sijamwambia. Nakusubiri wewe useme.

Zimebaki siku hamsini na tisa.

Fundi Kola

*

Tarehe 21 Agosti

Mpwa wangu,

Barua hii haiji kwa posta. Nimempa muuguzi anayevuka na wagonjwa kwa kibali cha hospitali, na nimeishona kwenye pindo la shuka. Ungecheka ungeona mishono yangu.

Niwie radhi, nitaruka salamu.

Ni maneno yangu.

Walikuja kibandani tarehe 20 Machi. Kwenye mfuko wa Rula walikuta barua yangu ya zamani, ile ya kumpongeza kupandishwa cheo. Walinikalisha siku mbili kwenye chumba chenye meza na saa ya ukutani isiyotembea. Siku ya tatu walimleta. Mpwa wangu, vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa havifungi. Alinipa shikamoo.

Walikuwa na karatasi yao tayari, naye alikataa kuisoma kwa wiki kadhaa. Alikuwa akiwaambia hata nikisoma, watu wa kwetu watajua si mimi, sisemi hivyo. Ndipo wakanikumbuka. Yule mkubwa wao alikuwa mpole, ananiita mzee. Aliniambia, wewe ni fundi wa maneno na ni damu yake, yaandike kama watu wake wanavyosema, asome mara moja, baada ya siku saba tutamvusha. La sivyo anahamishwa, na alipopataja pa kumhamishia askari wa mlangoni aliangalia chini.

Niliandika. Nataka kukuambia niliandika kwa ajili ya vile vidole, na ni kweli. Lakini pia niliogopa kwa ajili yangu, kibali changu cha kuishi hapa, shangazi yako, kitanda changu. Sijui kipi kilisukuma mkono zaidi. Nimejiuliza kila siku na sijapata.

Na neno lile. Ningependa sana kukuambia nililiweka kwa makusudi, niwape ishara. Hapana. Kazini naandika kabati, miaka thelathini, sijawahi kukosea hati ya mteja. Siku ile nilipofika hapo nilikuwa nimemtazama nikaliona lile bakati la Baba, na Rula mdogo amejificha ndani tukimtafuta nyumba nzima. Mkono ukaandika kama ulivyozoea nyumbani. Wao waliona, wakafurahi, wakasema hilo litawafanya watu waamini. Nami kwa upumbavu wangu sikufikiria kwamba atakayeamini ni dada.

Nilipomaliza nilimsomea kwa sauti. Ni mazoea, sikuweza kutofanya. Kisha nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, haya ni maneno yako?

Akasema, "Ni yako, Mjomba. Lakini nitayasoma."

Siku ya kurekodi nilisimama kando ya kamera. Alipolifikia lile neno akasita. Angeweza kulisahihisha kwa ulimi, amewasahihisha watu neno hilo tangu darasa la nne. Aliniangalia mimi, akalisoma kama nilivyoliandika. Yeye ndiye aliyewapa ishara. Aliamini mtaelewa. Na kwa miezi mitano sasa yuko huko akidhani mama yake ameelewa.

Siku saba zilikwisha, nikaenda kuuliza. Yule mpole hakunikumbuka.

Ndani ya shuka kuna karatasi nyingine. Ni hati ya kiapo ya kurasa nne, nimeeleza siku, chumba, saa iliyosimama, vidole, nani alisema nini. Nimetia sahihi na dole gumba na jina langu lote, mbele ya wakili wa hapa. Mkabidhi yule mama asiyecheka. Najua watakachofanya ikisomwa. Shangazi yako anajua pia, amenifulia shati.

Barua hii msomee dada. Yote, usimpunguzie, usinitetee. Ukimaliza muulize kama anataka kuniambia kitu. Asipotaka, usimlazimishe.

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Shangazi ametuletea habari kwa yule muuguzi kwamba wamekuweka mahabusu, na kwamba anaruhusiwa kukupelekea nguo, karatasi hapana. Kwa hiyo barua hii ataisoma mpaka aikariri, na atakuambia akiwa anakukabidhi mashati. Nimejitahidi isiwe ndefu. Shangazi, ukisahau mahali, ruka.

Huku tu wazima. Hati yako ilifika kwa wakili tarehe 3 Septemba. Aliisoma mara moja, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akaniambia miaka yote amekuwa akiomba karatasi kama hii. Tume iliipokea. Wajumbe wa pande zote mbili waliona saa iliyosimama kwenye picha zenyewe za televisheni, nyuma ya bega la Rula, na madai yetu hayakuwa kelele tena.

Rula amerudi tarehe 5 mwezi huu, pamoja na wengine wanane. Vidole viwili havitafunga tena, daktari amesema. Anaandika kwa kushoto, bata wake wanatoka wamelewa. Ameulizia habari zako kabla ya kukaa kitini. Alituambia kitu ambacho hukukiandika: kwamba siku ile, kabla ya kuweka karatasi kwenye mashine, ulikataa kuanza mpaka yaletwe maji, na ukamnywesha mwenyewe kwa kikombe kwa sababu hakuweza kukishika. Mama aliinama alipokisikia.

Barua yako nilikuwa nimemsomea, yote, kama ulivyosema. Siku ya tatu akaitoa picha ya Rula kwenye bakati akaitundika. Nilimuuliza kama anataka kukuambia kitu, akasema bado. Nakupa kama alivyosema. Sikupunguza.

Jana asubuhi ulisikika redioni. Tulikuwa wote watatu, mimi kwenye cherehani, Rula mlangoni, Mama anachambua mchele. Hatukujua kama ni wewe mpaka ulipokohoa. Ulisema kwa hiari yako na bila kushurutishwa na mtu kwamba hati ile ni ya uongo, kwamba wakala wa nchi yetu alikuletea imeandikwa tayari, nawe ukatia sahihi tu. Ulisoma vizuri. Hukusita kama Rula. Kisha ukasema, "Nakala yake niliificha nyumbani kwangu, ndani ya kabati."

Rula aligeuka. Mimi mguu ulisimama kwenye pedeli.

Mama aliweka ungo chini. Akasema, "Hayo si maneno yake."

Akazima redio, akaja akakaa mbele yangu, akaniambia nitoe kitambaa kwenye meza na nilete karatasi. Anataka kupeleka hati kwa tume. Wakili anasema wanapokea tena mpaka mwisho wa mwaka. Mama alisema, mimi nikaandika. Alieleza jinsi Babu alivyokuwa seremala, na jinsi nyinyi wawili mlivyokuwa mkishika mbao akipiga randa, na kwamba tangu mlipoanza kusema mpaka mlipoagana mara ya mwisho, mdogo wake hajawahi kukitaja kitu kile kwa jina la watu wengine akiwa anasema la moyoni. Rula alisahihisha tarehe mbili. Ilichukua asubuhi nzima.

Tulipomaliza nilimsomea kwa sauti, neno kwa neno. Nikamuuliza kama ulivyonifundisha.

Akasema, "Ni yangu. Na umwambie ni yangu."

Mchana nilimpelekea wakili. Ameipenda, ila amesema kuna neno moja limekosewa mara saba, tulisahihishe kabla ya kuipeleka, wajumbe wasije wakadhani tumeandika kwa haraka. Nikarudi nikamweleza Mama. Amekataa. Amesema liachwe vilevile.

Shati la kijivu nimelishona mimi. Cha kooni si kifungo, ni pambo tu.

Mpwa wako,
Fundi Kola